Gari Lililobadilika na Hati Isiyobadilika

Kuna usemi usikikao sana siku hizi midomoni mwa vijana, na hata midomoni mwa watu wazima ambao umri wao ungewatosha kujua zaidi: "Gari ni langu, nimelinunua kwa fedha zangu, nitalifanya nipendavyo." Usemi huu una sauti ya haki, ndiyo maana huwapumbaza wengi. Mtu aliyejinyima miaka mitano ili apate gari hapendi kuambiwa na jirani jinsi ya kulipaka rangi. Lakini mimi nasema usemi huo ni wa uongo, na nakuomba wewe msomaji unifuate nikuonyeshe uongo wake ulipo. Najua ya kuwa huna gari. Pengine utalipata baada ya miaka kumi, pengine hutalipata kamwe. Lakini asubuhi ya leo ulipanda gari la mtu mwingine kuja shuleni, au lilikupita kando ya barabara kwa nafasi ya mkono mmoja, na kwa sababu hiyo shauri hili ni lako kama lilivyo la mwenye gari.

Gari likiwa uani ni mali ya mtu mmoja. Likitoka langoni huwa hatari ya watu wote walioko njiani, na ndiyo sababu serikali hailiruhusu litoke bila karatasi. Hati ya kuandikishwa hutaja rangi yake, aina ya bodi, namba ya injini na namba ya chasisi. Cheti cha ukaguzi, kwa magari yanayopaswa kukaguliwa, husema kwamba gari lilitazamwa likaonekana zima. Hati ya bima husema kwamba kampuni fulani imekubali kuibeba hatari ya gari hilo likifanya kazi fulani. Sasa mwenye gari akilipeleka gereji, akainua springi, akabadili injini, akakata bodi au akaongeza viti, gari limebadilika lakini hati zimebaki vile vile. Tangu saa hiyo mtu huyo ana magari mawili: moja la chuma liendalo barabarani, na jingine la karatasi lililolala kabatini. Kampuni ya bima iliafikiana naye juu ya lile la karatasi. Lile la chuma haijapata kulijua.

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba kubadili gari ni kosa lenyewe, na ningesema hivyo ningekuwa mtovu wa shukrani, maana nchi yetu imesafiri miaka mingi kwa magari yaliyobadilishwa. Jina la matatu lilitokana na nauli ya zamani ya mjini Nairobi, mapeni matatu ya senti kumi kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo yachukue abiria bila leseni iliyotakiwa kwa mabasi, na mengi kati yake yalikuwa pikapu zilizofunikwa nyuma na kutiwa mabenchi. Mwaka 1984 ndipo sheria ilipoyatambua na kuyataka yapate leseni na kukaguliwa. Baadaye zikaja Nissan na Toyota Hiace, na nyingi kati ya hizo zilikuwa zimetengenezwa kule Japani ziwe za kubeba mizigo. Fundi wa jua kali alikata mabati ubavuni, akatia vioo, akachomelea vyuma, akafunga viti, na gari la mizigo likawa gari la abiria 14. Mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa hodari. Lakini uhodari wa mkono ni jambo moja, na ukweli wa hati ni jambo jingine.

Kitazame kiti kimoja tu cha gari hilo. Kiwanda kikitengeneza gari la abiria, mahali pa kufunga kiti sakafuni hutiwa chuma cha nguvu, kwa maana mtengenezaji anajua ya kuwa siku moja kiti hicho kitavutwa. Sakafu ya gari la mizigo haikuagizwa kazi hiyo. Ilitengenezwa ilaliwe na magunia, na gunia halifungwi mkanda. Chukua kalamu ufanye hesabu. Abiria wa kilo 60 yumo katika gari liendalo kilomita 80 kwa saa. Gari likigonga kitu na kusimama katika nafasi ya mita moja, nguvu itakayomvuta mtu huyo mbele ni sawa na uzito wa kilo 1,500 hivi. Mwalimu wako wa fizikia atakuthibitishia. Ikiwa wameketi watatu katika benchi moja, wote wamefunga mikanda iliyofungwa katika benchi hilo hilo, basi misumari ya parafujo iliyopita katika bati jembamba inaombwa izuie kilo 4,500. Je, itazuia? Jibu haliko mdomoni mwa kondakta wala katika rangi za ubavuni. Liko chini ya zulia, mahali ambapo abiria hatazami.

Kanuni zilizotangazwa Oktoba 2003 na kuanza kutumika tarehe 1 Februari 2004, ambazo watu huziita za Michuki kwa jina la waziri John Michuki, ziliyataka magari ya abiria yatiwe mikanda na vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Zilikuwa kanuni njema, na barabara zilizijua siku zile. Lakini mkanda una nguvu ya kiti, na kiti kina nguvu ya sakafu. Mtu aliyetimiza kanuni kwa kufunga mkanda mpya juu ya kiti kilegevu alimtimizia askari, hakumtimizia abiria. Kwa ajili ya mambo kama haya kipo kiwango cha Kenya kiitwacho KS 372, kielezacho jinsi bodi ya gari la abiria inavyopaswa kujengwa. Tarehe 10 Oktoba 2018 basi lilianguka karibu na Fort Ternan, paa lake likang'oka, na watu zaidi ya 50 wakafa. Ukisikia mtu akicheka kwamba viwango ni kelele za maofisa, mkumbushe paa lile.

Sasa tuingie katika bima, maana hapa ndipo wengi hupotea, na hupotea kwa kutouliza. Bima ni chama cha watu wasiojuana. Kila mmoja hutoa kidogo, na yule aliyepatwa na msiba hulipwa kutoka katika mfuko wa wote. Ili mfuko usikauke, kila mtu hutozwa kwa kipimo cha hatari anayoileta. Gari la mwalimu liendalo sokoni mara moja kwa juma halitozwi sawa na matatu iendayo Nakuru na kurudi mara mbili kwa siku. Lakini kampuni itaijuaje hatari hiyo? Itaijua kwa kuambiwa. Mwaka 1766 jaji Mansfield wa Uingereza, katika kesi ya Carter na Boehm iliyohusu ngome moja ya Sumatra, alieleza ya kuwa mambo yanayopima hatari huwa aghalabu katika ujuzi wa mwenye kukata bima peke yake, na kwa hiyo mwenye kukata bima hana ruhusa ya kuyaficha. Kanuni hiyo ya nia njema kamili imo katika sheria yetu hata leo. Mtu akinyamaza mahali alipopaswa kusema, kimya chake huhesabiwa.

Tuseme mtu ana Toyota Probox. Amelikatia bima kamili kama gari la nyumbani, na malipo yake ni ya gari la nyumbani. Kisha ameinua springi za nyuma ili libebe mzigo mzito, ametia matairi makubwa, na siku za soko huchukua abiria kwa nauli. Jioni moja, katika kona, gari linapinduka na kumgonga mpanda baiskeli. Kampuni inatuma mkadiriaji wake na tepu ya kupimia na kurunzi. Huyo hatamani kuzungumza na mtu yeyote. Anapima springi, anasoma matairi, anahesabu viti, anapiga picha, anaondoka.

Kwanza lipo gari lenyewe. Kampuni itajibu kwamba ililikubali gari jingine kwa kazi nyingine, na mwenye gari atabaki na chuma kilichokunjika pamoja na deni la benki lisilokunjika.

Pili yupo mpanda baiskeli. Sheria yetu, Sura ya 405, humlazimisha kila mwenye gari akate bima ya mtu wa tatu, yaani mtu wa njiani asiyekuwa mwenye gari wala kampuni. Tena sheria hiyo ina huruma ambayo wengi hawaijui. Haikubali kampuni imnyime mtu wa njiani fidia yake kwa kisingizio cha hali ya gari, wala cha uzito wa mzigo, wala cha idadi ya watu waliokuwamo. Kampuni italipa. Waliosikia habari hii nusu nusu hushangilia, wakasema, "Kumbe tunaweza kubadili tupendavyo, bima italipa tu!" Hawakusoma mstari unaofuata. Sheria iyo hiyo huipa kampuni haki ya kumgeukia mwenye gari na kumdai kile ilichokilipa kwa ajili ya kosa lake. Shamba lake litauzwa kuilipa kampuni ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiilipa. Na kama aliificha habari ya gari tangu siku ile alipokata bima, kampuni inaweza kwenda mahakamani, ndani ya muda uliowekwa, iombe hati ihesabiwe kuwa haikuwako. Ikishinda, mpanda baiskeli atabaki na hukumu nzuri ya mahakama dhidi ya mtu asiye na kitu. Tena hata bima ikiwa safi, kampuni hailazimishwi kumlipa mtu mmoja zaidi ya shilingi 3,000,000, na kinachozidi ni mzigo wa mwenye gari.

Tatu wapo abiria waliotoa nauli, na hawa ndio ninaowaonea uchungu zaidi. Sheria haimlazimishi mwenye gari la binafsi awakatie bima watu waliomo ndani ya gari lake. Humlazimisha yule achukuaye abiria kwa malipo. Sasa aliyekata bima ya gari la binafsi na kupokea nauli amewatoa abiria wake katika kundi moja bila kuwatia katika kundi la pili. Wamo garini, lakini katika karatasi hawamo.

Na sasa nauliza, kwa sauti ambayo ningependa wazazi na walimu wakuu waisikie: watoto wetu wanapelekwaje shuleni? Kila asubuhi utaona gari dogo la familia, lililotengenezwa kwa watu saba au wanane, limeondolewa viti vyake na kutiwa mbao mbili ubavuni, na watoto ishirini wamepangwa humo kama samaki wa kukaushwa. Mbao hazina mkanda. Sheria inataka gari la shule liwe na rangi ya njano, nalo ni jeupe au la kijivu, kwa sababu rangi ya njano ingelazimu hati ya njano. Mzazi hulipa kila mwezi na kushukuru kwamba bei ni nafuu. Bei ni nafuu kwa sababu mwenye gari amekata bima ya kuendea kanisani. Nimewauliza wazazi wengi kama wamepata kuiona hati ya bima ya gari linalowachukua watoto wao. Huniangalia kana kwamba nimeuliza kabila la dereva. Lakini wazazi hao hao hawanunui ng'ombe bila kumfungua kinywa wahesabu meno.

Kuhusu uhalali wa barabarani sitakaa sana, maana mengi unayaona kwa macho yako. Sura ya 403, yaani Sheria ya Trafiki, haikubali gari litumike barabarani likiwa na ujenzi au hali iletayo hatari, na mabadiliko ya rangi, ya injini au ya aina ya bodi hupaswa kupelekwa kwa NTSA, ile mamlaka ya usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ili gari likaguliwe na hati ibadilishwe. Taa nyekundu za nyuma zikibadilishwa kuwa za buluu, au taa kali zikatiwa mbele na kumpofusha dereva anayekuja, aliyezitia hajapamba gari. Amemziba macho mwenziwe. Vijana wa magari ya Subaru hutoa kinyamazisho cha eksozi ili injini ipige mizinga usiku, na wagonjwa wa mtaa mzima huamka. Huo ni upumbavu ulio wazi. Nauogopa zaidi upumbavu uliofichika.

Chukua matairi, kwa mfano. Gari lina matairi yenye upana wa sentimita 60 kutoka ukingo hata ukingo, na mwenye gari, kwa kupenda gari lenye kimo, anatia ya sentimita 66. Kila mzunguko mmoja wa gurudumu sasa huenda mbali zaidi kwa sehemu ya kumi, lakini saa ya mwendo haijui. Ikisoma 80, gari linakwenda 88. Dereva ataapa mbele ya hakimu ya kuwa alikuwa akienda 80, na ataapa kwa moyo safi.

Au chukua kidhibiti mwendo kilichokatwa waya. Wako mafundi wafanyao kazi hiyo kwa dakika chache, kisha huacha kijisanduku mahali pake ili askari akione. Gari liendalo kilomita 120 halina madhara ya nusu zaidi ya lile la 80, kama wengi wanavyodhani. Nguvu iliyo ndani ya mwendo wake ni mara mbili na robo, kwa maana nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo. Breki ni zile zile. Na hati ya bima iliandikwa juu ya gari lenye kidhibiti.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba ukaguzi una gharama, na askari wa njiani huridhika na noti ndogo. Ni kweli noti hupita. Lakini askari aliyepokea noti hakutia sahihi popote, na siku ya ajali hatakuwako kusema, "Mimi nililiruhusu." Noti hununua kupita kizuizi kimoja. Haikununua bima.

Jibu la pili lina nguvu zaidi, nami sitalikwepa. Watu husema makampuni ya bima ni wepesi wa kupokea na wazito wa kutoa. Hapo nakubaliana nao. Wakala mmoja alipokuja chuoni kwetu kuwauzia walimu bima, fomu yake ilikuwa na swali kama gari limepata kubadilishwa. Hakumsomea mtu hata mmoja swali hilo. Aliandika "hapana" katika kila fomu kwa wino mmoja na mkono mmoja, hali magari yenyewe yalikuwa yameegeshwa hatua ishirini kutoka mezani, na mawili yalikuwa yameinuliwa dhahiri. Kampuni isiyotuma kurunzi siku ya kupokea fedha haina uso wa kutuma kurunzi siku ya kutoa. Kama tuna wabunge wanaotafuta kazi, wailazimishe kila kampuni ilitazame gari kabla ya kulikubali, na ikishindwa kulitazama isisikilizwe ikisema imedanganywa. Hata hivyo, uvivu wa wakala haumwondolei mwenye gari wajibu wake. Fomu ina sahihi ya nani chini? Ni ya mwenye gari.

La tatu ni la wapendao ufundi, nao husema, "Unataka kuua ubunifu wa vijana." Hapana. Yuko mtu asiye na nguvu za miguu ambaye fundi amemtilia breki na mafuta ya kuendesha kwa mikono, na kwa mabadiliko hayo amepata kazi, amepata uhuru. Yako magari yaliyokatwa mlango wa nyuma na kutiwa ngazi ya kupandishia kiti cha magurudumu. Hayo ni mabadiliko makubwa kuliko rimu zote za Nairobi, na hakuna mwenye akili ayakatazaye. Tena watu hao aghalabu ndio wanaotangaza walichofanya, wakakaguliwa, wakaandikiwa. Anayeficha ni yule aliyetia rimu za shilingi 100,000, halafu rimu zikiibwa hushangaa kwamba hati inataja za kiwanda.

Baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu mtakuwa mafundi, na kwenu ninyi nina ombi ambalo sijasikia likiombwa. Leo fundi akimaliza kazi hupokea fedha mkononi, hufuta grisi, na gari huondoka bila neno. Andika. Risiti yako iseme: nimeinua springi za nyuma kwa sentimita tano, nimebadili injini, namba ya zamani ni hii na namba mpya ni hii, nimefunga viti viwili kwa parafujo za unene huu. Andika nakala mbili, moja ubaki nayo. Mwenye gari akiichukua nakala yake aipeleke kwa kampuni yake ya bima pamoja na barua ya mistari mitano, na adai jibu kwa maandishi. Pengine malipo yake yataongezwa, pengine watamkataa, naye atalazimika kuchagua kati ya springi na bima hali bado ana miguu miwili na mpanda baiskeli bado yu hai. Na mteja akikuambia, "Fundi, hili usiliandike," mtazame vizuri, kisha umwulize kwa nini.